Kufuatilia Wanyamapori na Samaki katika Hifadhi ya Msitu: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Kisiwa cha Rubondo

Wanafunzi wa uhifadhi, askari wapya wa hifadhi na wanachama wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) hukwama mahali pamoja. Wamehesabu mwaka huu, wamehesabu mwaka uliopita, namba zimepishana sana, na hakuna anayeweza kusema kama wanyama wamepungua au la. Mara nyingi kilichobadilika ni njia ya kuhesabu tu: mistari ilihamishwa, kamera zilifungwa juu zaidi, nyavu zilitegwa wakati wa mbalamwezi badala ya wakati wa giza.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuendesha ufuatiliaji wa mwaka mzima katika hifadhi yenye msitu na maji, ili namba za leo ziweze kuwekwa kando ya namba za kesho. Mfano ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, kusini magharibi mwa Ziwa Victoria. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Tembo, twiga, sokwe, pongo na nzohe (swala wa kwenye majimaji) wanaishi humo, na ghuba zake ni mazalia ya samaki.

## Vibali na vifaa

Usiingie na wavu wala kamera bila kibali. Uvuvi usio na kibali ndani ya mipaka ya hifadhi ni kosa, hata kama samaki utawarudisha majini. Mtafiti wa nje hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) na COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), kisha huwasiliana na mhifadhi mkuu wa hifadhi husika; mtumishi wa hifadhi huhitaji mpango wa kazi ulioidhinishwa. Msituni daima utafuatana na askari mwenye silaha.

Vya msituni:
- kifaa cha GPS na dira;
- kamba ya mita 50 iliyotiwa alama, na futi kamba ya chuma;
- kamera mtego (hupiga picha zenyewe mnyama akipita), visanduku vyake vya chuma, minyororo, betri mpya na kadi za kumbukumbu;
- vifuko vya kunyonya unyevu;
- utepe wa rangi, panga, daftari lisiloharibika kwa maji na penseli.

Vya majini:
- boti, jaketi okozi kwa kila mtu, na mafuta ya akiba;
- nyavu za makila (hutegwa na kunasa samaki kwenye matundu) zenye matundu tofauti, kuanzia inchi 2 hadi inchi 8, zote za urefu mmoja;
- maboya na nanga;
- ubao wa kupimia urefu wa samaki, mizani, ndoo na glavu;
- sahani ya Secchi (ya kupimia uangavu wa maji) na kipimajoto. Kipima oksijeni kama kinapatikana.

Penseli si mbadala wa kalamu bali ndiyo chaguo la kwanza, kwa sababu wino hufutika mvua ikinyesha.

## Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kuhesabu

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami naiona kuwa nzito kuliko zote zinazofuata. Kabla ya kutoka ofisini, andikeni kwenye karatasi moja ni badiliko gani litawafanya mchukue hatua gani. Kwa mfano: «Uzito wa sato kwa wavu mmoja kwa usiku mmoja ukishuka ndani ya mipaka kwa misimu 2 mfululizo, ilhali nje ya mipaka haujabadilika, doria za usiku zitaongezwa katika ghuba hiyo.» Au: «Nzohe asiponaswa na kamera za kando ya mafunjo msimu mzima, timu itasaka mitego ya nyaya na nyavu zilizotelekezwa katika eneo hilo.»

Sentensi kama hizo huamua uhesabu nini na uache nini. Timu isiyo nazo hujaza daftari kwa kila ndege aliyepita, kisha hukosa muda wa kupima kile kilichohitajika. Hatua imekamilika pale ambapo karatasi hiyo ina maamuzi yasiyozidi 6 na mhifadhi mkuu ameitia saini.

## Hatua ya 2: Panga kalenda kwa mvua, kwa mwezi na kwa saa

Kazi ya nchi kavu ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa sababu kinyesi hakisombwi na maji na njia zinapitika. Nyavu zitegwe mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika, kwa kuwa mienendo ya samaki na uzazi wao hubadilika mvua zinapoanza.

Mwezi una uzito wake. Usiku wa mbalamwezi samaki huuona wavu na kuukwepa zaidi kuliko usiku wa giza, hivyo chagua kipindi kimoja cha mwezi na ushikamane nacho kila mwaka. Kipindi cha giza kinafaa, ila ujue kwamba ndicho wavuvi wa dagaa wanachotoka na taa zao. Mianga mingi karibu na mpaka usiku huo si lazima iwe ya wahalifu.

Kuhusu saa, kubalianeni kuandika kwa mfumo mmoja tu. Askari akiandika «saa 2» akimaanisha asubuhi, na kamera ikaandika 08:00 kwa tukio lilelile, mwisho wa msimu utakuwa na mnyama wa mchana aliyegeuzwa kuwa wa usiku. Tumieni saa 24, na saa za kamera zote zilinganishwe na GPS siku moja kabla ya kuondoka.

## Hatua ya 3: Chora mistari ya kuhesabia

Msituni huwezi kuhesabu tembo kwa ndege, kwa sababu majani huwafunika. Unachohesabu ni alama: marundo ya kinyesi, viota vya sokwe, na mara chache mnyama mwenyewe. Alama hizo hutafutwa kwenye mistari iliyonyooka.

Chora mistari ikianzia ufukweni na kuingia ndani ya kisiwa, ili kila mmoja ukate matete, kichaka na msitu mnene. Nukta ya mstari wa kwanza ichaguliwe kwa bahati nasibu, kisha mingine ifuate kwa umbali sawa. Mistari mifupi 20 ni bora kuliko mirefu 5, maana mstari mmoja ulioangukia mahali penye tembo wengi hautapotosha hesabu yote.

Kosa kubwa hapa ni kufuata njia za wanyama. Zinavutia, kwani hazina miiba na kutembea humo ni kwepesi. Lakini tembo hupita humohumo na kuacha kinyesi humohumo, kwa hiyo anayefuata njia hizo atapata msitu uliojaa tembo wasiokuwepo. Shika dira. Kichaka kikizuia, kizunguke na urudi kwenye mstari, na ukate matawi machache iwezekanavyo, kwa sababu ukifungua njia mpya wanyama wataanza kuitumia na mstari wako utaharibika kabla ya mwaka ujao.

Kila mstari uwe na faili la GPS lenye mwanzo na mwisho. Ukimpa mtu mwingine faili hilo, naye akautembea mstari uleule bila kukuuliza swali, hatua hii umeimaliza.

## Hatua ya 4: Tembea na upime

Watu 3 wanatosha: mmoja anaongoza kwa dira, wa pili anatafuta, wa tatu anaandika. Mwendo uwe wa polepole, kama kilomita moja kwa saa au pungufu. Mtafutaji aanze kwa kuangalia pale mstari unapopita, kisha pembeni. Kinachopaswa kutoponyoka kabisa ni kile kilicho juu ya mstari wenyewe, kwa sababu hesabu nzima imejengwa juu ya dhana hiyo.

Rundo likionekana, pima umbali wa kutoka kwenye mstari hadi katikati ya rundo, kwa pembe mraba. Tumia futi kamba, usikisie. Ukipitia daftari la timu iliyochoka utaona namba zilezile: mita 1, mita 2, na 0 nyingi kuliko inavyowezekana. Namba za kukisia huharibu ukokotoaji wa upana halisi wa kuonekana, yaani umbali kutoka kwenye mstari unaohesabiwa kuwa umeonwa wote, unaokokotolewa kutokana na vipimo hivyo. Rundo lililo sentimita 37 kutoka kwenye mstari liandikwe 37, si 0 wala 50.

Viota vya sokwe huonekana kwa kutazama juu, na mtu anayetazama chini kutafuta kinyesi hawezi kuvihesabu vizuri. Vipe viota mtafutaji wake, au uvitembelee kwa siku nyingine.

Mwenye mafua au kikohozi asiingie msitu wa sokwe. Maradhi ya njia ya hewa ya binadamu huwaambukiza na kuwaua. Mkikutana nao vaeni barakoa, msiwakaribie chini ya mita 10, na ondokeni taratibu.

Kwa kila spishi unayotaka kuikadiria, lenga uangalizi 60 hadi 80 kwa jumla ya mistari yote. Ukipungukiwa, ongeza urefu wa mistari au uitembee tena; usibuni.

## Hatua ya 5: Geuza kinyesi kuwa idadi

Hapa ndipo wengi hutupa kalamu, ingawa hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua idadi ya marundo, igawanye kwa eneo lililoonekana, yaani mara 2 ya upana halisi wa upande mmoja, mara urefu wa mistari.

Tuchukue namba za kubuni. Umetembea kilomita 40, umeona marundo 72, na upana halisi wa upande mmoja ni mita 1.5, sawa na kilomita 0.0015. Eneo lako ni 2 × 0.0015 × 40 = kilomita za mraba 0.12. Marundo 72 ukigawanya kwa 0.12 unapata marundo 600 kwa kilomita ya mraba.

Sasa gawanya kwa idadi ya marundo ambayo tembo mmoja huacha kwa siku, kisha kwa siku ambazo rundo hudumu kabla ya kuoza. Ukichukua marundo 18 kwa siku na siku 60 za kudumu, unapata 600 ÷ 1,080, yaani tembo 0.56 kwa kilomita ya mraba. Ukiweka siku 90 badala ya 60, jibu linakuwa 0.37. Hakuna tembo aliyekufa. Umebadilisha namba moja tu, na theluthi ya tembo wako wametoweka.

Kwa hiyo usikope muda wa kuoza kutoka hifadhi nyingine. Miezi kadhaa kabla ya sensa, zunguka kwa vipindi tofauti ukitafuta marundo mabichi, yale yenye unyevu na harufu kali, yawekee utepe na namba, uandike tarehe. Wakati wa sensa yarudie yote na uandike lipi bado linatambulika na lipi limekwisha. Mavi ya jua na mavi ya kivulini hayaozi sawa, basi chagua ya pande zote mbili.

Viota hufuata mantiki hiyohiyo. Sokwe aliyeacha kunyonya hujenga karibu kiota kimoja kila jioni, na mtoto hulala na mama yake. Hivyo unachopata ni idadi ya sokwe wanaojenga, si wote.

## Hatua ya 6: Funga kamera mtego

Kamera ni kwa wanyama wa usiku na wenye haya: kanu, pongo, nzohe. Utaratibu uliotumika kwa miaka mingi katika msitu wa Mwanihana, Milima ya Udzungwa, ni wa kuigwa: kamera moja kwa kila kilomita za mraba 2, siku 30 kila mahali, kiangazi, bila chambo. Ni kamera za milima hiyohiyo zilizompiga picha sange mkubwa (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu, ambaye sayansi ilimtambua rasmi mwaka 2008. Kama kamera zako ni chache, zihamishe kwa awamu, eneo moja baada ya jingine, mradi kila nukta ipate siku zake 30.

Ifunge kwenye mti imara, urefu wa goti, sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini. Juu zaidi ya hapo utapata migongo ya pongo na kuwakosa wadogo wote. Ielekeze kaskazini au kusini, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huangaza moja kwa moja kwenye kamera iliyotazama mashariki au magharibi. Ng'oa majani yaliyo mbele yake. Jani moja linalopepea mchana kutwa linaweza kujaza kadi nzima.

Kabla ya kuondoka, pita mbele ya kamera ukitambaa, uone kama taa ya majaribio inawaka. Kisha shika ubao wenye jina la nukta na tarehe, upigwe picha. Picha hiyo ya kwanza ndiyo itakayookoa kadi zikichanganyika. Weka kifuko cha kunyonya unyevu ndani na uzibe matundu, kwani sisimizi hupenda kujenga humo. Tembo huzing'oa kamera kwa udadisi tu. Kisanduku cha chuma na mnyororo hupunguza hasara.

Idadi ya picha si idadi ya wanyama. Pongo mmoja aliyesimama akicheua atakupa picha 40. Picha za spishi moja, mahali pamoja, ndani ya saa moja, zihesabiwe kuwa tukio moja. Kipimo kinachoaminika zaidi ni sehemu ya nukta ambamo spishi ilionekana: kama nzohe alipita kwenye nukta 9 kati ya 30, hiyo ndiyo namba ya kulinganisha mwaka ujao.

## Hatua ya 7: Tega nyavu

Chagua vituo ndani ya hifadhi na vingine vinavyofanana navyo nje ya mpaka: kina kilekile, tope au mchanga uleule, matete yaleyale. Bila vituo vya nje huwezi kujua kama samaki wameongezeka kwa sababu ya ulinzi wako au kwa sababu ziwa zima limekuwa na mwaka mzuri. Huko nje utahitaji idhini ya ofisi ya uvuvi ya wilaya na kuwaarifu BMU; vinginevyo wavu wako utachukuliwa kuwa wa mwizi, na itakuwa haki.

Nyavu za matundu yote zitegwe kwa pamoja, saa 18:00, na ziondolewe saa 06:00 kukipambazuka. Matundu tofauti ni ya lazima kwa sababu kila tundu huchagua ukubwa wake: wavu wa inchi 6 pekee utakuambia kwamba ziwa halina samaki wadogo.

Usitege wavu kukata vijia vilivyo ndani ya mafunjo. Nzohe akishtuka hukimbilia majini na kuzama akiacha pua tu juu, na wavu uliopo hapo utamzamisha kabisa. Fisi maji na minandi (ndege wanaopiga mbizi) nao hunaswa wakifuata samaki. Acha nafasi kutoka kwenye matete, na usiache wavu mchana. Viboko wanaporudi majini alfajiri huwa hawampishi mtu, kwa hiyo askari akague ufuko kwanza. Avae buti kila anayegusa maji ya kina kifupi. Kichocho kipo ziwani humo.

Wavu ukipotea, utafuteni mpaka upatikane. Wavu uliozama huendelea kuua bila kuandikwa kwenye daftari lolote.

## Hatua ya 8: Pima samaki

Walio hai wapimwe kwanza na warudishwe. Urefu uanzie ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, uzito kwa gramu, jinsia pale inapojulikana, na hali ya mayai kwa wale waliokufa. Andika kila samaki pamoja na tundu la wavu uliomnasa.

Sato jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na akinaswa huvitema. Kabla ya kumweka kwenye mizani mfungue mdomo taratibu. Ukiona punje za njano au vifaranga, andika, kisha umrudishe haraka mahali palepale ulipomtoa. Sato wanaobeba mayai wakionekana kila msimu kwenye ghuba moja, umepata mazalia, na ghuba hiyo iwe ya kwanza katika ratiba ya doria.

Kwa sangara, tazama mgawanyo wa urefu kuliko jumla ya kilo. Sheria huzuia kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25. Jike la sangara hupevuka likiwa kubwa kuliko dume, hivyo wakubwa wakitoweka, wazazi wanatoweka, hata kama boti inarudi imejaa.

Mwishoni gawanya kilo zote kwa idadi ya nyavu na usiku. Usiandike jumla peke yake.

## Hatua ya 9: Maji na mimea

Kila kituo cha wavu kipimwe joto, oksijeni na uangavu. Sahani ya Secchi hushushwa upande wa boti wenye kivuli, karibu na adhuhuri, hadi isionekane. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wengi hukimbia au hufa, na kupungua kwao wavuni kusihesabiwe dhidi ya wavuvi.

Kisiwani hakuna simba wala chui, na tembo na twiga waliletwa na binadamu. Walaji majani wakizidi, mimea basi ndiyo itakayolia kwanza. Weka viwanja vya mita 20 kwa 20, hesabu miche, na uandike mingapi imeliwa na miti mingapi imebanduliwa gome. Gugu maji likiingia ghubani, liondoeni kwa mkono, likung'uteni mizizi juu ya maji ili vifaranga waanguke, kisha lianikeni mbali na ufuko.

## Hatua ya 10: Doria nayo ni takwimu

Kila doria irekodi njia iliyopita na saa ilizotumia, hata kama haikukuta kitu. Nyavu 12 za timba (za uzi mmoja wa plastiki) zilizokamatwa katika doria 30 si sawa na 12 zilizokamatwa katika doria 4. Programu ya SMART ni ya bure na hufanya kazi hii; daftari lenye safu zilezile nalo linatosha.

Andika aina ya zana: timba, kokoro (wavu wa kukokota hadi ufukweni), katuli (kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni), ndoano, sumu. Kokoro na katuli huelekeza kwenye mazalia ya kina kifupi, ilhali nyavu zilizopangwa kufuata mpaka huonyesha kwamba wavuvi wamegundua samaki wanatokea upande wako. Jambo hilo la pili, kwa maoni yangu, ni la kueleza kwenye mikutano ya mialo (vituo vya kushushia samaki): hifadhi inawalisha.

## Hatua ya 11: Ingiza takwimu, rudi kwenye karatasi

Daftari liingizwe kwenye kompyuta jioni ileile, na mtu wa pili alisome kwa sauti huku wa kwanza akikagua. Kadi za kamera zinakiliwe mara mbili kabla ya kufutwa, nakala moja ikae nje ya kisiwa.

Kisha toa karatasi ya Hatua ya 1. Soma kila uamuzi, uandike mbele yake: «imefikiwa», «haijafikiwa» au «takwimu hazitoshi». Jibu la tatu ni halali, na linatakiwa kuambatana na kile kitakachoongezwa mwakani: mistari, nukta au usiku wa nyavu. Njia zenyewe zisiguswe. Mkilazimika kubadilisha kitu, kwa mfano kununua kamera za aina mpya, zifungeni za zamani na mpya kwenye mti mmoja kwa siku 30 ili mjue tofauti yake kabla ya kuziondoa za zamani.

Ambatanisha faili za GPS, vipimo vya nyavu, tarehe za mwezi na majina ya vituo kwenye ripoti yenyewe, kwa kuwa watumishi huhamishwa, na timu itakayoshuka botini Juni ijayo huenda ikawa haimjui hata mmoja wenu.